Joseph Kiwele, Mtunzi wa Misa ya Katanga

Mtu akizungumzia muziki wa Katanga, jina la kwanza kutajwa huwa la Jean Bosco Mwenda, ambaye wenyeji humwita Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa sauti za wanamuziki, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akarekodi wimbo wake "Masanga". Sahani ile ilipendwa hadi Kenya, na wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki na Kati wakajaribu kuiga vidole vya Mwenda. Sifa hiyo ni haki yake.

Lakini katika miaka hiyohiyo, kiasi cha kilomita 120 kutoka Jadotville, mjini Elisabethville ambao sasa ni Lubumbashi, aliishi mwanamuziki mwingine ambaye wengi wanaoimba kanisani kila Jumapili hawajawahi kusikia jina lake. Huyu alitunga kwa kalamu, juu ya karatasi yenye mistari mitano. Aliichukua misa ya Kilatini iliyotoka Ulaya, akaitia tuni na midundo ya nchi ya shaba. Jina lake Joseph Kiwele. Alikuwa mwalimu, mtunzi, kisha waziri, na alifariki kabla hajafikisha miaka 50. Historia ya muziki ulioandikwa nchini Kongo haiwezi kusimuliwa kwa haki bila yeye.

Mtoto wa Mpala

Kiwele alizaliwa mwaka 1912 huko Mpala, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, ng'ambo ya Karema. Mpala halikuwa kijiji cha kawaida. Mwaka 1883 Émile Storms, afisa Mbelgiji, alijenga boma pale kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Miaka miwili baadaye boma lilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, nao wakaligeuza kuwa misheni. Wakimbizi wa vita, watoto waliokombolewa utumwani na wenyeji Watabwa walikusanyika kulizunguka. Wamisionari walifundisha dini kwa Kiswahili, lugha ambayo misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kuieneza pande zote mbili za ziwa, lakini misa yenyewe waliiimba kwa Kilatini.

Nchi hiyo ya kando ya ziwa ndiyo iliyotoa wasomi wa kwanza wa Katanga. Stefano Kaoze, Mtabwa aliyeanza masomo ya useminari hapohapo Mpala, alipewa upadre tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, mji unaojulikana sasa kama Moba. Alikuwa Mkongo wa kwanza kupata daraja hilo katika zama za ukoloni. Kiwele alikuwa mtoto wa miaka 5 wakati huo. Alikulia katika nchi ambayo watu wake walikwisha kushuhudia mmoja wao akisimama altareni na kusoma kitabu cha misa cha Kilatini kama wamisionari.

Katika shule za misheni za wakati ule, muziki ulihesabiwa miongoni mwa masomo mazito. Mwanafunzi alijifunza kusoma nota kama alivyojifunza kusoma herufi. Aliimba nyimbo za Kigregori, ambazo hazina ngoma wala mgawanyo wa sauti: wote huenda pamoja katika tuni moja inayopanda na kushuka kwa kufuata maneno. Jioni, nje ya uzio wa misheni, mtoto huyohuyo alisikia muziki wa aina nyingine kabisa. Kiongozi alianzisha, kundi likaitikia, ngoma ikabeba miguu ya wachezaji. Kiwele alikua na masikio ya pande zote mbili, na kazi yake yote ya baadaye ilikuwa kuzipatanisha.

Mji wa shaba na kwaya yake

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, reli kutoka kusini ikafika mwaka huohuo, na mwaka 1911 tanuri la kuyeyushia shaba likaanza kazi. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia Kaskazini, Kasai, Maniema na hata Rwanda, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Mwanzoni kampuni iliwataka wanaume peke yao, kwa mikataba ya miezi michache. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili siasa yake: ikajenga kambi zenye nyumba za familia, zahanati na shule, ili mtoto wa mchimbaji akue akiwa mchimbaji mtarajiwa.

Mfumo huo ulisogea magharibi kwa kufuata njia ya reli. Njia ya kutoka Tenke kwenda Dilolo, mpakani mwa Angola, ilikamilika mwaka 1931, na mwaka 1937 kampuni ikaanzisha mji wa Kolwezi karibu na machimbo ya Ruwe na Musonoi. Kolwezi ulizaliwa tayari umepangwa: mahali pa Wazungu pake, kambi za wafanyakazi pake, kanisa na shule katikati ya kambi.

Shule za Elisabethville na za kambi nyingi za kampuni zilikuwa mikononi mwa Wabenediktini wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges, waliofika Katanga mwaka 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Huyu baadaye akawa askofu, na sauti yake ilikuwa nzito katika mambo ya nchi hadi kifo chake mwaka 1958. Alikuwa mtetezi mkali wa utawala wa kikoloni, na haifai kumpamba. Hata hivyo shirika lake lilithamini uimbaji wa ibada kuliko jambo lolote jingine la sanaa, na thamani hiyo ilifika Katanga pamoja na amri zake.

Mwaka uleule wa 1937, Kolwezi ulipoanzishwa, mmonaki wa Kibenediktini aitwaye Anschaire Lamoral aliunda mjini Elisabethville kwaya ya vijana iliyokuja kujulikana kama Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lilikuwa na mizizi mirefu. Karne nyingi kabla ya Wazungu, mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimwaga katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha: ilinunua bidhaa, ilitolewa mahari, iliwekwa kaburini pamoja na maiti. Wataalamu waliochimbua makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la mto Lualaba, mwaka 1957 na 1958 waliikuta imelala juu ya mifupa. Kwaya ya Elisabethville ilipoitwa kwa jina hilo, msalaba wa Kikristo na msalaba wa wafua shaba wa kale vilikutana katika alama moja.

Katika mji huo ndipo Kiwele alipofanya kazi ya ualimu wa muziki, akiwa bega kwa bega na Lamoral. Elisabethville wa miaka ya 1940 na 1950 ulikuwa mji uliochangamka kisanaa. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua pale karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar, na kutoka humo wakatokea Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ambao picha zao ziko leo katika makumbusho ya Ulaya. Mjini kote suala lilikuwa moja: je, Mwafrika aliyejifunza ufundi wa kigeni aige alichofundishwa, au atumie ufundi huo kusema la kwake? Wachoraji walijibu kwa rangi. Kiwele alijibu kwa nota.

Tatizo la tuni na maneno

Ili kuuelewa ukubwa wa kazi yake, ni lazima kuelewa tatizo alilolikabili. Wamisionari wengi walitafsiri nyimbo za Ulaya katika lugha za wenyeji na kuziacha na tuni zake za asili. Katika Kiswahili madhara yalikuwa madogo, kwa kuwa maana ya neno la Kiswahili haitegemei kupanda na kushuka kwa sauti. Lakini Kiluba, Kisanga na Kibemba ni lugha za toni. Silabi ikipandishwa mahali pa kushushwa, neno huweza kugeuka neno jingine. Tuni ya Kijerumani au ya Kifaransa, iliyotungwa bila kujali toni hizo, ilivuruga maana, na waimbaji walibaki wakitamka maneno yasiyokaa sawa masikioni mwao wenyewe.

Mtunzi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kutunga tuni mpya inayofuata toni za lugha, neno kwa neno. Ya pili ni kushika Kilatini, ambacho ndicho sheria ya Kanisa ilichokitaka kwa misa ya kuimbwa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kilatini hakina toni za kibantu, hivyo mtunzi aliyekitumia alikuwa huru kukiwekea tuni ya Kikatanga bila kuharibu neno hata moja. Sharti lililoonekana kuwa pingu liligeuka kuwa nafasi.

Kiwele alifuata njia hii ya pili. Misa ya kuimbwa ina sehemu tano zisizobadilika: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus pamoja na Benedictus, na Agnus Dei. Sehemu hizi zinapokea kwa urahisi desturi ya Kiafrika ya kuongoza na kuitikia. Kyrie, kwa mfano, ni ombi linalorudiwa mara tisa katika ibada ya kale, matatu kwa matatu. Mtu aliyezoea kiongozi kutoa wito na kundi kujibu anaiona Kyrie kama wimbo wa nyumbani uliovaa maneno ya Kigiriki. Gloria na Credo zina maneno mengi, nazo zinahitaji mtunzi anayejua kuisukuma simulizi mbele bila kuwachosha waimbaji. Hapo ndipo ufundi wa kalamu hutofautiana na kipaji cha sikio pekee.

Kazi iliyotokea inajulikana kama Misa ya Katanga. Ilitungwa kabla ya Misa Luba ya Kamina, ambayo dunia inaijua, ikaimbwa na Waimbaji wa Msalaba wa Shaba, na sauti yake ikanaswa kwenye sahani. Ni miongoni mwa misa za mwanzo kabisa za mtindo wa Kiafrika, na aliyeitunga alikuwa Mwafrika mwenyewe, mwenye kujua nota, mwenye kutia jina lake chini ya kazi yake.

Wakati ulikuwa umeanza kuiva. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliandika kwamba Kanisa halipaswi kuuharibu urithi mwema wa watu linaowahubiria. Tarehe 25 Desemba 1955 alitoa waraka mwingine uliohusu muziki mtakatifu, na humo akawahimiza wamisionari kuthamini upendo wa uimbaji walioukuta katika nchi walizotumwa. Katanga haikuusubiri waraka huo. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza.

Kamina na Misa Luba

Kiasi cha kilomita 400 kaskazini-magharibi mwa Elisabethville, katika nchi ya Waluba, kulikuwa na Kamina, mji wa reli na wa kambi kubwa ya jeshi la Wabelgiji. Huko walitawala Wafransisko, ambao vikarieti yao ilienea hadi Kolwezi. Mwaka 1953 alifika Padre Guido Haazen, kijana kutoka Antwerp. Mwaka 1954 aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45 wa shule pamoja na walimu wapatao 15, akaiita Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji.

Haazen hakuwa na nia ya kuandika misa kwa nota. Kazi ilikwenda kwa kusikiliza na kubuni. Waimbaji walileta nyimbo walizozijua kutoka nchi za Kiluba na Kasai, maneno ya Kilatini yakawekwa ndani yake, sauti zikapangwa papo hapo mazoezini. Kyrie ilichukua mwendo wa kasala, utenzi wa Waluba unaoimbwa katika msiba. Sanctus ikajengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosanna ikapata mdundo wa ngoma ya Kasai. Waliiongoza kwa ngoma na kwa kyondo, gogo la Waluba lililochongwa tundu na kupigwa kwa vijiti. Mwimbaji kiongozi alikuwa mwalimu Joachim Ngoi, na sauti yake ndiyo inayosikika hadi leo katika sahani ya kwanza.

Misa Luba ilisikika katika ibada kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Kamina. Mwaka huohuo kwaya ikasafiri Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na ikapanda jukwaani katika Maonyesho ya Dunia mjini Brussels. Katika viwanja vya maonyesho hayohayo, Wabelgiji walikuwa wamejenga kijiji cha vibanda na kuwaweka Wakongo ndani yake ili watazamwe na wapita njia. Matusi ya watazamaji yalizidi hata Wakongo hao wakakataa kuendelea na kurudi kwao. Vijana wa Kamina waliimba Sanctus yao katika mji uliokuwa ukiwaonyesha ndugu zao kama wanyama, na waliisikilizisha hadhira ya Ulaya ubinadamu wa Afrika uliokuwa ukikanushwa katika viwanja hivyohivyo.

Baada ya hapo Misa Luba ilikwenda mbali. Pier Paolo Pasolini aliitumia Gloria yake katika filamu ya Injili ya Mathayo mwaka 1964. Mwaka 1968 Lindsay Anderson aliitumia Sanctus katika filamu yake "if....", na mwaka 1969 Sanctus hiyo ikauzwa peke yake Uingereza hadi ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizoongoza kwa mauzo. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, ikaitolea sahani mpya, na ndipo vijana wengi wa Kenya walipoijua.

Hapa linazuka swali la haki. Kwenye majalada, Misa Luba iliuzwa kwa jina la Guido Haazen. Kuna wataalamu waliochunguza sahani na kuonyesha kwamba waimbaji waliibuni pamoja, na kwamba toleo lililoandikwa lilikuja baada ya sauti. Haazen alikusanya, alipanga, alihimiza, na kazi hiyo ni ya heshima. Lakini tuni zilitoka kwa watu wa Kiluba na Kasai, na ubunifu wa papo hapo ulitoka vinywani mwa Ngoi na wenzake. Ulimwengu uliifanya kazi ya wengi kuwa mali ya mmoja. Kwa upande wa Misa ya Katanga mambo yalikuwa kinyume: mtunzi alikuwa mmoja, anajulikana, ameandika kila sauti kwa mkono wake, naye ni Mkongo. Huyo ndiye ambaye dunia haikumtafuta.

Mtunzi anakuwa waziri

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Tarehe 11 Julai, siku 11 tu baadaye, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kiwele alikuwa mwanachama wa chama cha Tshombe, Conakat, na katika serikali hiyo alipewa uwaziri wa elimu. Kwa mwalimu aliyetumia maisha yake darasani, wizara hiyo ilimwelekea. Lakini alipewa pia kazi iliyomhusu kama mtunzi: kuipa nchi mpya wimbo wake wa taifa. Akatunga "La Katangaise". Bendera ya Katanga nayo ilibeba misalaba mitatu ya shaba, alama ileile iliyokuwa jina la kwaya yake.

Hapo maisha ya Kiwele yalifungamana na jambo ambalo Wakongo wengi hawajalisamehe. Dola ile ilisimama kwa msaada wa maafisa wa Kibelgiji na kwa kodi za Union Minière. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa Elisabethville akiwa amefungwa kamba, akauawa usiku huohuo porini, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Damu hiyo ilitia doa serikali nzima ambayo Kiwele alikuwa mjumbe wake. Mwandishi anayempenda mtunzi huyu hana ruhusa ya kuipitia tarehe hiyo haraka. Mtunzi wa misa alikuwa waziri katika serikali iliyomuua waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na kila atakayesimulia maisha yake analazimika kuyasema mambo yote mawili kwa pamoja.

Kiwele hakuishi kuona mwisho wa serikali hiyo. Alifariki Novemba 1961, wakati majeshi ya Umoja wa Mataifa na ya Katanga yakiwa yamekwisha kupigana duru ya kwanza mjini Elisabethville. Vita vilipofikia tamati, Kolwezi ndio uliokuwa kimbilio la mwisho la Tshombe. Askari wake walitega baruti katika mabwawa ya umeme ya mto Lualaba na kutishia kuyalipua. Tarehe 21 Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Kolwezi bila mabwawa hayo kulipuliwa, na dola ya Katanga ikafutika pamoja na wimbo wake wa taifa.

Jina lililozikwa

Kilichofuata kilikuwa kibaya kwa kumbukumbu ya mtunzi. Mwishoni mwa mwaka 1966 serikali ya Rais Mobutu iliitaifisha Union Minière, na kampuni iliyoirithi ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1971 jina la Katanga lenyewe liliondolewa, mkoa ukaitwa Shaba hadi mwaka 1997. Askari wa zamani wa Katanga waliokimbilia Angola walirudi kwa silaha mwaka 1977, kisha tarehe 13 Mei 1978 wakauteka Kolwezi. Siku sita baadaye askari wa miamvuli wa Ufaransa walishuka kutoka angani, na mji ukabaki na maiti kwa mamia. Katika miaka hiyo, kutamka Katanga kulikuwa kujitafutia shaka. Misa iliyobeba jina la Katanga, ya mtu aliyetunga wimbo wa kujitenga, ingewezaje kupata mfadhili, mchapishaji au nafasi redioni?

Na Kanisa lenyewe lilibadilika, kwa njia ambayo Kiwele angeifurahia ingawa ilizipunguzia nafasi kazi zake. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano ulitoa katiba ya liturujia, ikaruhusu lugha za watu altareni na ikataka muziki wa asili wa nchi za misheni upewe heshima yake. Kilatini kikarudi nyuma. Kolwezi ukapata jimbo lake la Kikatoliki mwaka 1971, likimegwa kutoka Kamina, na kwaya zake zikaimba Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, yenye ngoma na mwendo wa mwili ndani ya ibada. Watu wakaona ni jambo jipya. Hawakukumbuka kwamba mwalimu mmoja wa Elisabethville alikuwa ameonyesha, zaidi ya miaka 30 kabla, kwamba jambo hilo linawezekana.

Wako waliokumbuka. Mwaka 1987 mtaalamu wa muziki Kishilo w'Itunga alichapisha uchambuzi wa Misa ya Katanga katika jarida la African Music, linalotolewa na maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey. Maktaba hiyohiyo inahifadhi sauti ya Mwenda wa Bayeke. Hivyo watu wawili wa ukanda wa shaba, mpiga gitaa na mwandishi wa nota, walikutana katika nyumba moja ya kumbukumbu, ingawa nyumba yenyewe iko Makhanda, mji ulioitwa zamani Grahamstown, Afrika Kusini, mbali sana na Likasi na Lubumbashi.

Haki ya mtunzi

Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Siasa za Kiwele zihukumiwe kwa ukali wote zinaostahili, na kazi yake ya muziki ipewe haki yake. Haki hiyo ina sehemu tatu. Kwanza, yeye ni miongoni mwa Wakongo wa mwanzo kutunga kazi kubwa ya kwaya kwa maandishi, tena kwa jina lake. Pili, alionyesha kwamba elimu ya kigeni na urithi wa nyumbani vinaweza kukaa katika ukurasa mmoja bila kimoja kukimeza kingine. Tatu, alifundisha, na mwalimu wa muziki huacha watu wanaojua kusoma nota baada yake.

Wanaosema kwamba muziki wa aina hii hauna watu Kongo watazame Kinshasa. Orkestra ya simfoni ya Wakimbangu, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na ala chache za kupokezana na wanamuziki waliojifunza wenyewe kwa wenyewe. Leo inajulikana duniani. Kilichofanyika Kinshasa kwa bidii ya waumini kinaweza kufanyika Kolwezi, mji ulio makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu mwaka 2015, mji ambao shaba na kobalti yake inaendesha magari ya umeme ya mabara yote.

Njia za kulipia kazi hiyo zipo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Barabara, visima na zahanati vina haki ya kutangulia, na hakuna anayebisha. Lakini punje moja ya fedha hizo ingetosha kuchapisha upya nota za Misa ya Katanga, kusafisha sauti za sahani zake za zamani, na kumlipa mwalimu wa nota katika shule chache za Kolwezi, Likasi na Kamina. Majimbo ya Kikatoliki yanaweza kufungua makabati yao ya nyaraka. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kuwahoji wazee waliowahi kuimba katika Waimbaji wa Msalaba wa Shaba na katika kwaya ya Kamina, na kazi hiyo haiwezi kungoja, maana aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1958 sasa ni mzee wa miaka 80 hivi.

Na ninyi walimu wa kwaya wa Lualaba na Haut-Katanga, msisubiri serikali wala kampuni. Tafuteni Kyrie yake, ifundisheni, iimbeni. Mnapoiimba Misa Luba, mtajeni Joachim Ngoi pamoja na Guido Haazen. Mnapoiimba Misa ya Katanga, andikeni juu ya karatasi mnayowagawia waimbaji, kwa herufi zinazosomeka: mtunzi, Joseph Kiwele, 1912 hadi 1961.